Kidonda kikikatwa kinazidi kukua: mama mkubwa kaambiwa ni PYODERMA GANGRENOSUM, kuna anayeijua hii kitu?

#1 Fundi_wa_Uru
Wakuu habari za usiku. Niende kwenye mada moja kwa moja.

Mama mkubwa wangu ana miaka 54, anauza ndizi Mbuyuni hapa Moshi, mtu wa kazi, hajawahi kulazwa zaidi ya uzazi. Mwezi wa kwanza aligongwa na ukingo wa mkokoteni kwenye muundi, ngozi ikachubuka kidogo tu, akapaka mafuta akaendelea na biashara. Baada ya siku nne tano kikatoka kipele kama ameumwa na mdudu, kikawa jipu, likapasuka lenyewe, tukajua limeisha. Wapi! Ndani ya wiki mbili pakawa na kidonda ukubwa wa kizibo cha soda.

Zahanati ya kwanza wakasema kuna nyama imekufa, wakaikata. Kikaongezeka. Tukahama, kule kwingine wakampiga ganzi wakakata zaidi, wiki ileile kikafika ukubwa wa kiganja changu, na mimi ni fundi ujenzi, kiganja changu sio cha kitoto. Dawa kanywa sana: ampiclox, flagyl, sindano za seftriaksoni siku saba. Sukari kapimwa mara tatu iko sawa, ukimwi hana.

Juzi ndo tumefika kwa daktari wa ngozi. Kakiangalia hata dakika mbili hazijaisha akauliza, "Nani alikikata hiki?" Akakata kinyama kidogo sana pembeni kwenda kupima, akasema baada ya hapo ni marufuku mtu yeyote kukigusa kwa kisu, wala kukwangua. Leo majibu yametoka, hakuna saratani, hakuna TB, ndo kaniandikia hilo jina kwa herufi kubwa maana niliomba. Halafu kampa prednisoloni, ambayo mimi naijua ni ya watu wa pumu na tumeambiwa inashusha kinga.

Sasa kidonda kinatoa maji na damu, kinanuka, unaambiwa usikikwangue halafu unapewa dawa ya KUSHUSHA kinga? Ukoo umegawanyika. Mjomba anasema tumetapeliwa. Nisaidieni mnaojua.

#2 mbege_baridi
Duh, pole kwa mama. Naweka kigoda hapa nasubiri wataalam.

#3 Kijana wa Kibosho
Hicho ni kidonda ndugu wala msisumbuke na majina ya Kilatini. Bibi yangu alikuwa nacho miaka na miaka. Chemsha mwarobaini, osha asubuhi na jioni, halafu fungua vidonge vya rangi mbili umwagie ule unga juu, kinakauka.

#4 Chalii wa Sakina
Kinaitwa ndugu maana kikishafika kwako hakiondoki, kama shemeji aliyekuja mjini kutafuta kazi 😂😂

Ila mkuu #3 umesema bibi alikuwa nacho miaka na miaka halafu dawa inakausha. Ilikausha nini sasa?

#5 Nesi Mstaafu
Fundi, pole mwanangu. Nimefunga vidonda wodini miaka mingi, naomba unijibu haya kabla watu hawajakuletea mizizi:

Ukingo wa kidonda una rangi gani? Maumivu yakoje, ya kawaida au yanazidi kidonda chenyewe? Usaha uliwahi kuoteshwa maabara? Na tumbo lake likoje, anaharisha, ana damu chooni? Viungo vinamuuma?

Kijana wa Kibosho, kidonda ndugu sio ugonjwa mmoja. Ni jina tunalobandika kila kidonda kilichogoma kupona. Ndani yake kuna kidonda cha mishipa, cha sukari, cha selimundu, cha saratani, na hiki anachosema daktari. Ule unga wa vidonge unagandisha uchafu juu unaona kama kimekauka, chini kinaendelea kula.

#6 Fundi_wa_Uru
Asante mama. Leo asubuhi nimekaa nae wakati binti yake anambadilishia gozi, pale dirishani kwenye mwanga. Katikati ni pekundu lenye utando wa njano, panalowa. Ila ukingo ndo wa ajabu, una rangi ya biringanya kabisa, umeinuka, na kwa chini kama umeliwa, yaani ngozi imening'inia juu ya shimo. Pembeni nje ya ukingo kuna vitundu vidogo vitatu vinatoa usaha, nadhani ndo vinaungana na kikubwa.

Maumivu: shuka likigusa analia. Huyu mama alizaa watoto watano bila kupiga kelele.

Kuotesha walifanya mara moja, wakasema wadudu wachache wa kawaida wa ngozi. Tumbo anasema halina shida.

#7 Tabibu_Ngozi
Nilikuwa napita tu ila hapo kwenye biringanya nimesimama. Mimi ni tabibu, nafanya kazi za ngozi, simuoni mgonjwa kwa hiyo chukueni kama maelezo tu.

Jina lenyewe linadanganya. Pyo ni usaha, derma ni ngozi, gangrenosum ni nyama kuoza. Waliolitoa ni madaktari wa Mayo Clinic kule Marekani, Brunsting, Goeckerman na O'Leary, mwaka 1930, walikuwa na wagonjwa watano tu na wanne kati yao walikuwa na vidonda vya utumbo mpana. Walidhani ni bakteria. Baadae ikaja kuonekana sio maambukizi, na kuoza kule sio kwa kukosa damu. Jina likabaki hivyohivyo mpaka leo.

Kinachotokea ni kwamba kinga ya mwili yenyewe ndo inashambulia. Kuna chembe nyeupe za damu zinaitwa neutrofili, kazi yake kukimbilia penye jeraha kuua wadudu. Kwa hawa wagonjwa zinakuja nyingi kupita kiasi, wadudu hawapo, zinamwaga sumu zake kwenye nyama safi. Ndo maana antibiotiki hazikufanya kitu, na ndo maana anapewa dawa ya kutuliza kinga.

Na kuhusu kukata: kwa kati ya asilimia 20 na 30 ya wagonjwa, jeraha lolote jipya, hata la sindano, linaita zile chembe upya. Inaitwa pathaji. Mkokoteni uliita mara ya kwanza, kisu kikaita ya pili na ya tatu.

#8 mzee_wa_hoja
Hapo mimi nakataa. Kama hakuna wadudu, usaha unatoka wapi? Toka nazaliwa usaha ni wadudu. Na mnasema wachache walioota ni wa kawaida, huo ukawaida nani kapima? Ukisikia daktari anasema kinga inajishambulia yenyewe ujue hajui.

#9 Nesi Mstaafu
Mzee, usaha sehemu kubwa ni maiti za hizohizo chembe nyeupe. Askari wakijaa mahali wakafa kwa wingi unaona usaha, awe mwizi alikuwepo au hakuwepo.

#10 mzee_wa_hoja
Askari wanakufa bila mwizi? Basi wanauana wenyewe.

#11 Tabibu_Ngozi
@mzee_wa_hoja umeielewa vizuri kuliko unavyodhani.

#12 Mama_Twins_Ngaramtoni
Jamani nimesoma mpaka nimetetemeka. MIMI NINAYO. Nipo Arusha, nina miaka 36, nimeugua nikiwa na 33.

Yangu ilianzia kwenye paja, kipele kidogo sehemu niliyojikwaruza na waya wa banda la kuku. Nilizunguka miezi minane. Kuna mahali walisema ni kuumwa na buibui, kwingine wakasema TB ya ngozi nikaanzishiwa na dawa, kwingine wakaniuliza kwa siri kama nimejichoma mwenyewe kwa ajili ya ugomvi wa nyumbani. Hilo swali mpaka leo likinijia usiku nalia, maana mume wangu alikuwa amekaa palepale nje kwenye benchi na ndo alikuwa ananibeba mgongoni kwenda chooni.

Maumivu ni kama kuna kaa la moto limefukiwa chini ya ngozi. Fundi, mama yako hadekezi.

Prednisoloni nilianza asubuhi ya Jumatatu, Alhamisi nikalala usiku mzima. Kidonda chenyewe kilichukua miezi mitano kufunga na kovu lake lina vitundu vitundu kama chujio la chai. Uso ukavimba ukawa duara, saluni wananiambia "eeh ndoa imekukubali", nacheka tu.

Na mimi ndo niliokuja kugundulika nina ugonjwa wa utumbo mpana. Kwa hiyo lile swali la tumbo msilipite haraka. Muulizeni tena, na aulize mwanamke.

#13 mbege_baridi
Pole dada, daah. Hilo la buibui nimelisikia sehemu nyingi, kila kidonda cha ajabu buibui.

#14 Jeshi la Mtu Mmoja
Wakuu tuongee ukweli. Mkokoteni upo sokoni miaka yote, watu wanagongwa kila siku, mbona wao hawatoki kidonda? Mama anauza vizuri Mbuyuni, majirani wa meza wanamuona. Hapo kuna mtu.

#15 Chalii wa Sakina
Kuna mtu gani arif, mkokoteni umetumwa? Mchawi ana mambo mengi ya kufanya hawezi kukaa anasubiri mkokoteni ugeuke kona 😂

#16 Kijana wa Kibosho
Msicheke. 2012 watu walienda Loliondo kunywa kikombe cha Babu na magari ya serikali, leo mnajifanya wasomi.

#17 Mwalimu wa Himo
Ilikuwa 2011, sio 2012. Samunge, kikombe shilingi 500. Nilienda, nilikaa kwenye foleni ya magari siku tatu, na sukari yangu nilirudi nayo yote. Tuendelee na mada.

Ila swali la #14 ukiondoa uchawi ni swali zuri sana. Kwanini yeye? Watu wote wanagongwa.

#18 Tabibu_Ngozi
Mwalimu, hapo ndo kila mtu ana nadharia yake. Wapo wanaosema ni urithi fulani wa vinasaba unaokaa kimya mpaka kitu kiuamshe. Wapo wanaosema inaanzia utumboni. Wapo wanaosema ni damu yenyewe, maana baadhi wanakutwa na matatizo ya uboho hadi leukemia, saratani ya damu. Kama nusu ya wagonjwa wanakutwa na ugonjwa mwingine nyuma: utumbo mpana, Crohn (nayo ni ya utumbo), baridi yabisi, magonjwa ya damu. Nusu nyingine unapima kila kitu hupati kitu.

Ugonjwa wenyewe ni nadra, takwimu za wenzetu ni wagonjwa wapya 3 hadi 10 kwa kila watu milioni moja kwa mwaka.

#19 Mwalimu wa Himo
Kilimanjaro sensa ya 2022 tulikuwa kama milioni 1.86. Hesabu ya haraka ni wagonjwa sita mpaka kumi na nane kwa mwaka mkoa mzima. Sasa tabibu wa zahanati kule Tarakea ataujulia wapi? Anaweza kustaafu hajauona.

#20 dereva_noah
Mwalimu, hizo ni namba za wazungu, huku nani amehesabu? Pengine wapo wengi wanaitwa kidonda ndugu wanakaa ndani na bibi anawapaka majivu. Mimi kila siku nabeba wagonjwa Rombo kuja Moshi, vidonda vya miguu ni vingi aisee, na wengi nawarudisha hawana jibu.

#21 Rehema_K
Mdogo wangu ana selimundu na ana kidonda karibu na kifundo cha mguu mwaka wa tatu huu. Je inaweza kuwa ndo hii?

#22 Nesi Mstaafu
Rehema, cha selimundu kinapenda hapohapo juu ya kifundo, ndani au nje, ni damu haifiki vizuri. Haina maana kila kidonda sasa tukiite jina hili. Aonwe kliniki yake ya selimundu waangalie na hilo, ila msianze prednisoloni kwa kusoma huku, tafadhali sana.

#23 Kisu_na_Uzi
Nimekaa kimya ila sasa naingia. Mimi kazi yangu ni upasuaji na naona uzi huu unaelekea pabaya. Watu kumi watasoma hapa watoke na neno moja: usikate. Mwenye kidonda cha sukari kilichooza asipokatwa anapoteza mguu au anakufa. Mwenye nyama inayoliwa na bakteria kwa kasi asipokatwa usiku uleule asubuhi hayupo. Hao ni wengi kuliko hawa wa pyoderma mara mia.

Na tena haina kipimo kimoja cha kusema ndiyo hii. Ni kuondoa mengine yote kwanza. Hao hao Mayo walioipa jina, mwaka 2002 walichapisha wagonjwa waliotibiwa kama pyoderma gangrenosum kumbe ni mishipa ya damu, kumbe saratani, kumbe maambukizi. Unampa mtu steroidi, yaani hizi prednisoloni, miezi na ana fangasi za ndani, umemmaliza.

Kwa hiyo waliomkata mama mwanzoni msiwaite wauaji. Kwa walichokiona siku ile, na mimi ningekata.

#24 Mama_Twins_Ngaramtoni
Mkuu nakubali yote ila kwenye kukata mara ya kwanza. Mara ya pili mtu alishaona kimekua baada ya kisu, kwanini asijiulize? Mimi nilikatwa mara tatu. Ya tatu nilimwambia dokta hiki kikikatwa kinakua, akanijibu "wewe umesomea wapi".

#25 Kisu_na_Uzi
Hapo sina utetezi dada. Mgonjwa akisema kinakua kikikatwa, hilo peke yake ni kipimo.

#26 Tabibu_Ngozi
Kisu yupo sahihi kuhusu kuondoa mengine. Ndo maana kile kinyama kinachukuliwa kwenye UKINGO, hata kama kuna hofu ya kukichokoza, ukilinganisha na hasara ya kukosea ni afadhali. Kinaonyesha neutrofili zimejaa, na wanakiotesha kutafuta TB, fangasi na bakteria. Toka 2018 kuna vigezo wataalam wa nchi mbalimbali walikubaliana, hicho kinyama ndo kigezo kikuu, halafu vinafuata vidogo kama kuanza na kipele kinachopasuka haraka, ukingo uliolika kwa chini, maumivu makali, historia ya utumbo, kovu la chujio. Mama wa Fundi anavyo kadhaa kwa maelezo tu.

#27 mzee_wa_hoja
Na hiyo dawa ina uhakika gani? Tupeni namba, sio ushuhuda. Ushuhuda hata kikombe kilikuwa nao.

#28 Tabibu_Ngozi
Haki yako mzee. Uingereza walifanya jaribio, likatoka 2015. Wagonjwa 121, wakagawanywa kwa bahati nasibu, wengine prednisoloni, wengine siklosporini, nayo ni ya kushusha kinga. Baada ya miezi sita waliopona kabisa walikuwa asilimia 47 kila upande. Sawasawa. Na waliopona, karibu theluthi kidonda kilirudi baadae.

#29 mzee_wa_hoja
Asilimia 47! Yaani hata nusu haifiki! Halafu mnatukana mwarobaini.

#30 Mwalimu wa Himo
Mzee, mwarobaini umepimwa kwa wangapi?

#31 mzee_wa_hoja
Kwa bibi yake Kibosho 😂

#32 Kijana wa Kibosho
Muacheni bibi apumzike jamani.

#33 Rehema_K
Sasa hao wengine zaidi ya nusu wanafanyaje?

#34 Tabibu_Ngozi
Wengine wanapona ila baada ya miezi sita kupita, kidonda kikubwa ni kama msingi wa nyumba, hakijazwi kwa wiki. Wengine wanabadilishiwa. Kidonda kidogo unaweza kutumia krimu kali ya steroidi ya kupaka ukingoni peke yake. Kuna dapsoni. Kuna infliksimabu, ya dripu: 2006 walijaribu kwa wagonjwa 30, wiki ya pili waliopata nafuu walikuwa asilimia 46 dhidi ya 6 kwa waliopewa dripu isiyo na dawa. Japani 2020 wakaidhinisha adalimumabu kwa ugonjwa huu. Ila hizo mbili za mwisho kwa mfuko wa muuza ndizi tusidanganyane. Prednisoloni ni vidonge vya bei rahisi, na siklosporini kwa miezi kadhaa mtauza ng'ombe.

#35 Mama_Twins_Ngaramtoni
Dapsoni nilipewa baadae ili wapunguze prednisoloni. Duka la dawa yule binti akaniangalia akarudi hatua moja nyuma, akauliza kwa sauti foleni nzima ikasikia, "Hii si ya ukoma?" Nikamwambia ndiyo na nimekugusa noti 😂 Nilishapimwa G6PD kwanza, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, maana ukiwa na upungufu wake dapsoni inaweza kupasua damu.

#36 dereva_noah
Sasa Fundi mnaendea wapi matibabu? Maana kwa ngozi sisi watu wa Moshi tunalala na hazina. Pale KCMC kile kituo cha ngozi kipo toka 1971.

#37 Nesi Mstaafu
KCMC ndo ilifunguliwa 1971. Kituo cha mafunzo ya ngozi, RDTC, ni 1992. Wanakuja kusoma pale matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika wakarudi kwao kuhudumia vijijini. Na ile krimu ya jua ya ndugu zetu wenye ualbino, KiliSun, chanzo chake ni hapo.

#38 dereva_noah
Asante mama, nimejifunza. Miaka yote napita getini nikijua ni wodi tu.

#39 Tabibu_Ngozi
Fundi, jambo moja nimelisahau na ni kubwa. Mama analima? Anatembea peku kwenye kihamba? Kuna minyoo inaitwa strongiloidesi, inaingia kwa ngozi ya miguu, inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Ukishusha kinga kwa steroidi inazaliana mpaka inaua. Muulize daktari kama amepewa dawa ya minyoo hiyo, mara nyingi ni aivemektini. Na TB iangaliwe kwenye mapafu pia, sio kwenye kinyama tu.

#40 Fundi_wa_Uru
Wakuu samahani kwa kimya, nilikuwa saiti Boma. Aivemektini kapewa, picha ya kifua kapigwa, safi.

Sasa kubwa. Nilifuata ushauri wa Mama Twins, nikamtuma mke wangu. Wamekaa jikoni wanamenya ndizi za mtori, mke wangu akamuuliza kimzaha tu kama choo kinatoka vizuri. Mama mkubwa akanyamaza, akaendelea kumenya. Ndizi ya tatu ndo akasema: miaka miwili anaona damu. Anaenda mara sita, saba kwa siku, na sokoni analipia choo kila safari. Alijua ni bawasiri akaona aibu. Mia mbili mia mbili kila siku, mke wangu anasema alivyopiga hesabu alikaribia kulia.

Na mimi nilishawajibu hapa kwamba tumbo halina shida.

#41 Nesi Mstaafu
Usijilaumu. Wanaume mnaulizwa na mnajibu, wanawake hawajaulizwa. Hiyo taarifa ipelekeni kesho, msingoje tarehe ya kliniki.

#42 Kisu_na_Uzi
Hapo picha inaanza kukaa sawa. Bado lakini, damu chooni miaka miwili na umri wa 54, saratani ya utumbo iangaliwe, amiba iangaliwe. Apelekwe kwenye kamera ya utumbo.

#43 Jeshi la Mtu Mmoja
Kwa hiyo ugonjwa wa tumboni unatokea mguuni? Na mnaniambia mimi ndo mshirikina.

#44 Mwalimu wa Himo
😂😂😂 Jeshi kafunga goli.

#45 Kijana wa Kibosho
Na asali je? Asali hata hospitali wanatumia kwenye vidonda.

#46 Nesi Mstaafu
Wanatumia, iliyosafishwa, kwa vidonda vingine. Kwa hiki mimi ningekaa na maji ya chumvi ya hospitali ya vuguvugu, unamwagia taratibu bila kusugua, gozi ya vaselini isiyonata, juu yake gozi kavu, bandeji isiyobana. Kikinata, lowesha kwanza usivute. Kila ukivuta ni kisu kile kile kwa jina lingine. Spiriti na haidrojeni peroksaidi toeni kabisa nyumbani. Na apewe dawa ya maumivu nusu saa kabla ya kufungua.

Tena prednisoloni anywe asubuhi baada ya kula, na ASIIKATISHE GHAFLA hata akijisikia mzima, tezi zilizo juu ya figo zinakuwa zimelala, zikikuta dawa imekatika anaweza kuanguka.

#47 mbege_baridi
Swali nje ya mada, mkungu wa ndizi mshare Mbuyuni unaendaje sasa hivi?

#48 Fundi_wa_Uru
Mkuu mwenye meza yuko kitandani unaniuliza bei 😂 nitamuuliza.

#49 Fundi_wa_Uru
Wakuu, ni wiki ya tatu ya dawa, narudi na mrejesho.

Maumivu yalishuka siku ya nne, alilala na shuka limemgusa. Ukingo ile rangi ya biringanya imefifia, vile vitundu viwili vimefunga, cha tatu bado. Ukubwa nimepima kwa futi ya kazini, ulikuwa sentimita 11 sasa ni 10 na kitu, mzee_wa_hoja usije kuniambia ni futi mbovu. Ila sukari ambayo ilikuwa nzuri imepanda hadi 11.4, kaongezewa dawa ya sukari, na usiku halali anapanga vyombo saa nane za usiku.

Mjomba sasa anasema kilichosaidia ni maombi ya jumuiya yaliyofanyika Jumamosi. Dawa zilianza Jumanne ya kabla yake ila sijabishana nae.

Kamera ya utumbo ni Jumatano. Ameshaanza kukataa, anasema yule kijana aliyempa fomu ni wa Mwika na anamjua mama yake.

#50 mzee_wa_hoja
Sentimita moja kwa wiki tatu. Nasubiri.

#51 Mama_Twins_Ngaramtoni
Kusubiri ndo kazi yenyewe mzee. Fundi, kupanga vyombo usiku ni hiyo dawa ndo inaleta, mimi nilikuwa napiga deki.

#52 Nesi Mstaafu
Mwambie aombe daktari wa kike kama yupo. Na ile dawa ya kusafisha tumbo anywe yote, asimwage nusu kwenye migomba.

#53 Fundi_wa_Uru
Umejuaje mama 😂 Nakaa nae mimi mwenyewe.

Na mbege_baridi, amesema kuhusu mshare njoo umuulize mwenyewe, hataji bei kwa mtu asiyemuona.